Kaseti za Mwalimu Bosire

Kiharusi kilimpata Mwalimu Bosire mwezi wa Machi, mwaka wa tisini na tisa, akiwa amesimama katikati ya michai yake akibishana na jirani juu ya mpaka. Kilimkuta na sentensi mdomoni, na sentensi ile hakuimaliza. Alipotoka hospitalini baada ya majuma matano, mguu wa kulia ulikuwa ukiburuta, mkono wa kulia umelala pajani hauna kazi, na katika maneno yote aliyowahi kufundisha kwa miaka thelathini na mmoja, moja tu ndilo lililombakia. "Yaya." Kwa Kigusii, maana yake hapana.

Mkewe, Drusilla, aligundua upesi kwamba neno hilo lilikuwa linasimamia kila kitu.

"Nikuletee uji?"

"Yaya," na huku mkono wa kushoto umeshanyooka kupokea kikombe.

"Tutoke nje tuote jua?"

"Yaya," na huyo anatafuta fimbo yake.

Akifurahi, yaya. Akikasirika, yaya mara tatu mfululizo, macho yamemtoka, maana mwenyewe alijisikia akilisema na alijua silo alilolikusudia. Hilo ndilo lililomchoma Drusilla kuliko mguu na mkono. Mumewe alikuwa na akili zake zote timamu, ila hapakuwa na njia ya kuzitoa nje.

Walikaa nje kidogo ya mji wa Nyamira, kwenye mteremko, na stima waliipata mapema kuliko majirani wengi kwa sababu nyaya za kwenda kiwanda cha chai zilipita karibu na ua wao. Binti yao wa pekee, Purity, alikuwa ameolewa Nakuru. Mwalimu Bosire alikuwa amestaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi, lakini watu wa kutoka Nyamira mpaka Keroka hawakumjua kwa shule. Walimjua kwa kwaya. Kwa miaka ishirini na mitano aliiongoza kwaya ya kanisa lao la Sabato, akaitungia nyimbo, na kila makambi ya ibada ya Agosti, kila harusi, kila mashindano, alibeba redio kaseti yake akarekodi. Kaseti zilifika mia moja na arobaini na kitu. Zilikuwa zimepangwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, kila moja na karatasi yake, mwandiko ni ule ule wa ubaoni.

Drusilla alikuwa haliwezi sanduku lile. "Mke mwenzangu," aliliita, na hakuwa anatania sana. Jumapili ngapi alikula peke yake kwa sababu mume yuko mazoezini? Jioni ngapi alizungumza na kisogo cha mtu aliyeinamia redio?

Sasa sanduku lile ndilo lililokuwa furaha pekee ya Mwalimu, na mkono wa kushoto haukulimudu. Kufungua mlango mdogo wa redio, kutoa kaseti, kuigeuza, kuirudisha, yote hayo ni kazi ya mikono miwili. Jumanne moja Drusilla alirudi kutoka kupeleka majani chai kituoni akamkuta ameketi sakafuni, mkanda wa kahawia umetoka wote redioni umemzunguka magoti, machozi yanamtiririka bila sauti.

Hakumwinua. Aliketi chini kando yake, akatafuta penseli, akaanza kuurudisha mkanda ndani ya kaseti, pindo kwa pindo. Mboga ziliungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

"Tutaiponya, Mwalimu," alisema.

"Yaya," alisema Mwalimu.

Kesho yake asubuhi Drusilla aliifunga redio kwa leso akaenda nayo Kisii mjini, kwa Bharat.

Bharat alikuwa na duka la redio, betri na kaseti, nalo lilikuwa hapo tangu wakati wa baba yake. Mwalimu Bosire alikuwa amenunua kaseti tupu kwake kwa robo karne, na Bharat alikuwa na desturi ya kumwekea boksi zima kila Julai, kabla ya makambi, bila kuambiwa. Hospitalini alikuja mara mbili na mapapai. Sasa aliifungua redio kwenye kaunta, akaichungulia, halafu akaichukua ile kaseti akainusa.

"Mama Purity," alisema, "redio haina neno. Mgonjwa ni kaseti. Imeota ukungu. Hapa kwetu mvua kila alasiri, mkanda unashikana, redio inautafuna. Ziko ngapi namna hii?"

"Sanduku zima."

Bharat alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Nyuma ya duka alikuwa ameketi binti yake, Palak, mwanafunzi wa kompyuta huko Nairobi, aliyekuwa nyumbani kwa kuwa chuo kilikuwa kimefungwa kwa mgomo. Alikuwa anamenya ndizi, akasita.

"Papa, ile kompyuta ya stoo."

"Ile mbovu?"

"Si mbovu. Mhasibu wako ndiye alisema ikifika mwaka wa elfu mbili itapata wazimu."

"Itapata! Itafikiri ni mwaka wa elfu moja mia tisa!"

"Sasa wimbo unajali ni mwaka gani?"

Bharat alifikiri kidogo, akacheka. Drusilla aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mimi nimekuja kutengenezewa redio," alisema.

Palak akaja mbele, akajifuta mikono. Alimweleza polepole, kwa Kiswahili cha kaunta ya Kisii chenye maneno mawili matatu ya Kigusii ndani yake. Nyimbo zote zingeingizwa kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, zikae humo. Hazingeota ukungu tena. Hapangekuwa na kaseti ya kugeuza. Spika zingefungwa chumba hiki na kile, na Mwalimu angebonyeza kitufe kimoja tu, kwa mkono wowote.

Mambo mengi katika hayo yalimpita Drusilla. Maneno mawili ya mwisho hayakumpita.

"Mkono wowote?"

"Hata wa kushoto, Mama. Hata kwa kidole kimoja."

Drusilla akaanza kufungua kibeti, Bharat akainua kiganja. "Huyu mtu alikuwa mteja wetu kabla Palak hajazaliwa. Usinitukane mbele ya mtoto wangu."

Jumapili ile pikapu ya Bharat ilipanda mteremko na kompyuta imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Iliporudi Kisii, ilirudi na mikungu miwili ya ndizi, maana Drusilla naye hakuwa mtu wa kutukanwa.

Palak alibaki, akapewa chumba cha Purity. Swali la kwanza lilikuwa chakula: hali nyama, hali mayai. Drusilla alihangaika kwa nusu saa, kisha akampikia chinsaga, zile mboga chungu za Kigusii, kwa maziwa, na ugali wa wimbi. Palak alikula akaongezewa, akaomba tena, na tangu siku hiyo Drusilla hakuwa na wasiwasi naye.

Kompyuta waliiweka mezani sebuleni, kando ya kiti cha Mwalimu. Palak aliifungua ubavu kwa bisibisi, akaitia diski kubwa aliyotoka nayo Nairobi, na kadi ya sauti. Akatandaza waya. Mmoja ulipita juu ya dari mpaka chumba cha kulala, mwingine ukafuata ukuta ukatoka dirishani mpaka jiko la nje, na kila mwisho wa waya akafunga spika. Mwalimu alikalia kiti chake akisimamia kazi. Msumari ukienda upande, aligonga sakafu kwa fimbo.

"Mama, njoo uone wewe mwenyewe," alisema Palak. "Mimi nitarudi chuo. Hii itakuwa kazi yako."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu ila ilitaka subira. Waya mwembamba ulitoka kwenye redio kaseti ukaingia nyuma ya kompyuta. Unaweka kaseti, unabonyeza redio, unabonyeza kompyuta. Kwenye skrini kulikuwa na mistari ya kijani iliyorukaruka kufuatana na sauti, na ikigusa wekundu unapunguza. Basi, unangoja. Kompyuta haiwezi kuimeza kaseti kwa pupa. Kaseti ya dakika tisini lazima iimbe dakika tisini, mwanzo mpaka mwisho, na wewe uwepo, maana mkanda ukikwama lazima uuwahi. Kisha unaandika jina la wimbo kama lilivyo kwenye karatasi, na kompyuta inaufinya uwe mdogo. Kwenye kuufinya ilichukua muda mrefu, ikinguruma kama paka.

Ndivyo Drusilla, kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka thelathini, alivyosikiliza kaseti za mumewe. Alizisikiliza akichambua mboga, akishona vifungo, akiandika kwa kidole kimoja. Alikuwa amedhani ni wimbo ule ule mara mia moja na arobaini. Sasa alianza kusikia. Alisikia jinsi kwaya ilivyokuwa dhaifu mwaka wa sabini na tano na jinsi ilivyokomaa. Aliwatambua watu, wengine wakiwa wamekwisha kufa, na chini kabisa ya wote, besi ile, nzito na tulivu, aliyokuwa ameizoea ikiomba chumvi mezani. Mwalimu alimtazama akisikiliza. Siku aliyoandika 1938 badala ya 1983, fimbo iligonga sakafu mpaka Palak akaja mbio kutoka nje.

Palak alikata karatasi za rangi akazibandika kwenye vitufe vya safu ya chini ya kibodi, upande wa kushoto kabisa. Kijani, wimbo uimbe. Nyekundu, unyamaze. Njano, wimbo unaofuata. Mwalimu alinyoosha kidole akabonyeza kijani, na kwaya ikalipuka sebuleni, chumbani na jikoni kwa mpigo mmoja. Kuku waliokuwa mlangoni mwa jiko walitawanyika. Mwalimu alicheka. Upande mmoja wa mdomo haukucheka, lakini sauti ilitoka yote.

Ilikuwa wiki ya pili, alasiri ya mvua, walipofika kaseti ya Makambi 1983. Ndani yake kulikuwa na wimbo alioutunga Mwalimu mwenyewe kwa ajili ya makambi ya mwaka ule, wimbo wa kuulizana na kujibizana. Wanawake wanauliza: *Msafiri, msafiri, umetoka wapi na umande miguuni?* Na wanaume wa besi wanajibu: *Nimetoka mbali, ndugu, na bado naenda.* Mistari ya kijani ilikuwa inacheza vizuri. Drusilla alikuwa amewapa mgongo, akichagua mchele kwenye ungo, na Palak alikuwa ameketi kwenye kompyuta.

Wanawake wakauliza mara ya pili. Besi wakaanza kujibu. Radi ikapiga upande wa Manga, na stima ikapotea.

Skrini ikazima. Redio ikanyamaza. "Aah!" alisema Palak. "Wimbo mzima umepotea!"

Lakini jibu lilikuwa halijanyamaza. *...mbali, ndugu,* ilisema besi, *na bado naenda.*

Drusilla alidhani ni kaseti. Halafu akakumbuka kaseti haina stima. Akageuka, na mchele ukamwagika wote.

Mwalimu Bosire alikuwa ameketi wima kwenye kiti chake, macho yamefumbwa, mkono wa kushoto unapiga mapigo hewani, anaimba. Maneno yalitoka mazima, yamenyooka, kila silabi mahali pake. Aliimba ubeti wa pili. Aliimba wa tatu. Mvua ilipiga mabati na yeye akaimba juu yake, na alipofika mwisho aliushusha mkono kama alivyowashushia wanakwaya kwa miaka yote ile, akafumbua macho, akawaona wanamkodolea.

Drusilla alikuwa amepiga magoti kwenye mchele. "Mwalimu! Umesema! Umesema maneno!"

Akafungua mdomo kumjibu. Ukaonekana uso wote ukijitahidi.

"Yaya," alisema.

Palak alikuwa analia na kucheka pamoja. Stima iliporudi waliirekodi kaseti upya, na Mwalimu akaimba tena na wenzake, na tena akaweza. Kwenye wimbo, aliweza. Nje ya wimbo, yaya.

Usiku ule usingizi ulimpaa Drusilla, akawa anafikiri. Alfajiri alipeleka uji kitandani, akasimama mlangoni na kikombe, akaona haya kidogo. Yeye hakuwahi kuwa mwanakwaya. Alijaribiwa mara moja, zamani, na Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba sauti yake hupanda mlima bila kutazama nyuma. Akakohoa. Akaimba, kwa sauti ile ya wanawake:

*Msafiri, msafiri, umelalaje na baridi usiku kucha?*

Mwalimu alimtazama. Kisha, kutoka chini kabisa: *Nimetoka mbali, ndugu, na bado naenda.*

Halikuwa jibu la swali lake, lakini lilikuwa jibu. Drusilla aliondoka na kikombe akiwa amesahau kumpa.

Wakaanza hivyo. Kila asubuhi kompyuta ilichezeshwa wimbo ule mara mbili, halafu Drusilla akauzima na kuuliza swali lake mwenyewe kwa sauti ile ile. Nyumbani siku zote walikuwa wakizungumza Kigusii. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili. Kwa hiyo mume na mke wa miaka thelathini wakawa wanasemezana kwa lugha ya shule na ya wageni, wanaitana ndugu, na Palak nyuma ya mlango akiwa amejiziba mdomo. Siku ya tisa jibu likabadilika neno moja. *Nimelala vibaya, ndugu, na bado naenda.* Siku ya kumi na mbili alipopewa uji alikunja uso, akainua kidole, akapiga mapigo matatu hewani kutafuta mahali pa kuingilia, akaimba:

*Uji huu, ndugu, una sukari nyingi.*

Drusilla aliketi kitandani. "Tangu lini?"

*Tangu mbali, ndugu.*

Tangu Aprili, alipotoka hospitalini! Miezi mitatu na zaidi amekuwa akimjazia sukari apate nguvu, na yeye anakunywa, anasema yaya, na safari zote hizo yaya ilikuwa yaya kweli. Drusilla alicheka mpaka akashika mbavu, na Mwalimu naye akacheka, na walipomaliza alimfuta kidevu kwa leso akakaa hivyo, mkono uko pale pale shavuni, kwa muda zaidi ya uliohitajika kufuta uji.

Septemba chuo kikafunguliwa. Bharat alipanda mteremko kumchukua binti yake, na safari hii alikuja na maikrofoni. "Kompyuta imejaa watu wa zamani tu," alisema. "Mwalimu wa sasa je?"

Palak aliichomeka, akaisimamisha mezani juu ya vitabu viwili. Drusilla akavua aproni. Wakaimba, yeye swali, Mwalimu jibu, na mistari ya kijani ikawafuata. Ubeti wa pili Bharat, aliyekuwa amesahau ameahidi kutulia, akaanza kupiga makofi, tena nyuma ya mapigo.

Mkono wa kushoto wa Mwalimu ukapanda juu, kiganja wazi. Wote wakasimama papo hapo, hata Bharat, kama watoto wa darasa la nne.

"Tena," alisema Mwalimu Bosire.

Hakuliimba. Alilisema. Ilichukua muda mtu yeyote kulielewa, na wa mwisho kulielewa alikuwa yeye mwenyewe. Uliona nyusi zikipanda polepole. Palak alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Drusilla alijua kwamba akilia sasa, shughuli yote itaharibika, na Mwalimu hakuwahi kumvumilia mwanakwaya anayelia katikati ya wimbo.

"Mmemsikia," alisema Drusilla. "Tena. Na wewe Bharat, mikono mfukoni."

Waliurudia mara nne. Chai ikapoa. Ule wa nne ndio Mwalimu aliouruhusu kwa kutikisa kichwa, ingawa ndani yake ng'ombe wa jirani analia.

Maneno mengine yalifuata, si kwa haraka wala si yote. Kufikia mvua za Oktoba alikuwa na kama thelathini ya kusema, na ya kuimba hayahesabiki. Vijana wa kwaya waliposikia habari walianza kuja Jumapili alasiri, wakakaa sebuleni na barazani, wakajifunza nyimbo za zamani kutoka kwenye spika huku Mwalimu akiwasimamisha kwa kiganja. Kila aliyekuja alikuja na kaseti yake: harusi ya dada, mazishi ya babu, mashindano ya mwaka fulani. Drusilla alizipokea zote. Novemba alimwandikia Palak barua, naye Mwalimu akiwa ameketi kando yake, akihakiki.

*Mwanangu Palak,* aliandika, *sisi wazima. Kompyuta imeniambia diski imejaa. Nilitaka kufuta nyimbo mbili za harusi ambazo mlevi mmoja anapiga filimbi kwenye zote, lakini Mwalimu amekataa nisifute hata moja. Tunaomba uje Desemba na diski nyingine. Chinsaga ipo.*

Mwalimu alisoma, akagonga karatasi kwa kidole. "Tafadhali," alisema, akitafuta kila silabi.

Drusilla akaongeza *tafadhali*, akatia bahasha mate, akaifunga.